Lazima kwa Nani?

Mistari iliyonigombanisha na wenzangu kuliko yote katika programu nilizoandika haikuwa ya mahesabu wala ya hifadhidata. Ilikuwa ile michache inayokaa kwenye faili la pembeni, isiyofanya kazi yoyote yenyewe ila kutaja programu nyingine ambazo yangu inazitegemea, na kusema ipi ni ya lazima na ipi ni ya hiari. Mwandishi huiandika kwa dakika chache, mara nyingi mwishoni, akiwa amechoka. Watu asiowajua wataishi nayo kwa miaka.

Nilianza kuijua mistari hiyo nikiwa upande wa anayepokea. Nilikuwa fundi wa kompyuta, natunza seva za ofisi na hospitali kadhaa za Kanda ya Ziwa, enzi ambazo intaneti yetu ilipitia setilaiti na bei yake ilikuwa ya kukata tamaa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, na huku bara hata kwa muda baada ya hapo, kupakua programu kubwa ilikuwa kazi ya usiku: unaanzisha jioni, unaomba umeme usikatike, asubuhi unakuta imekwama karibu na mwisho. Kwa hiyo mfumo wa Debian tuliupata kwa DVD. Mtu alipakua Dar, akachoma diski, diski zikapanda basi hadi Mwanza. Kisichokuwamo kwenye diski hizo hakikuwapo.

Debian ndiyo iliyonifundisha kwamba kati ya lazima na hiari kuna ngazi nyingine. Mtunza kifurushi anaweza kutangaza kwamba kifurushi fulani ni lazima, yaani bila hicho chake hakifanyi kazi. Anaweza kukipendekeza, yaani mtumiaji wa kawaida atakihitaji, na anayekiacha awe na sababu zake. Au anaweza kukitaja tu kama kitu kinachoweza kufaa, ambacho kukikosa si kasoro. Kwa miaka mingi apt, chombo cha Debian cha kusakinisha programu, ililetea watu vya lazima peke yake na kuwatajia yaliyopendekezwa. Toleo la Lenny lilipotoka Februari 2009, apt ikaanza kuleta na mapendekezo bila kuulizwa.

Kwetu lile lilikuwa balaa. Unaomba kifurushi kidogo, apt inakupangia msururu wa vingine nyuma yake, na inakuuliza kwa upole kama uendelee. Kila fundi niliyemjua alijifunza mstari mmoja wa kuweka kwenye mipangilio ili mapendekezo yazimwe moja kwa moja, na mstari huo tulirithishana. Hatukuwa wakorofi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mtunza kifurushi aliyekaa penye intaneti ya kasi hakuwa na jinsi ya kuhisi uzito wa alichotutwika.

Kilichonifanya nisite ni seva moja. Ofisi fulani iliniita kwa sababu mashine yao ilikuwa ikigoma mara kwa mara. Ilikuwa na diski mbili zinazonakiliana chini ya programu iitwayo mdadm: moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, na fundi anapata nafasi ya kubadilisha iliyokufa kabla mambo hayajaharibika. Nilipopekua logi nikakuta diski ya kwanza ilikufa miezi mingi nyuma. Mdadm ilijua. Kazi yake ya ulinzi huifanya kwa kumtumia msimamizi barua pepe, ila kwenye seva ile hapakuwa na programu yoyote ya kupeleka barua. Iliachwa wakati wa kusakinisha, kwa mstari uleule tuliokuwa tukirithishana. Wenye ofisi walikuwa wametembea na mguu mmoja muda wote huo wakidhani wana miwili, na sasa wa pili nao ulikuwa unalegea.

Nilirudi nikasoma kifurushi cha mdadm upya. Programu ya barua ilikuwa kwenye mapendekezo, na nikaona aliyeiweka pale alikuwa amefikiri vizuri. Isingefaa kuwa lazima, kwa sababu mdadm huunganisha diski bila barua pepe, na taasisi kubwa zina njia nyingine za kuchunga seva zao. Isingefaa pia kuachwa kama kitu cha kutajwa tu, kwa sababu mtu wa kawaida akiikosa anabaki na mlinzi asiye na sauti, tena bila kujua. Pendekezo ndilo neno sahihi: chukua, ila kama unajua unachofanya. Tangu siku hiyo sizimi mapendekezo yote kwa pamoja. Naisoma orodha, kimoja kimoja, nikijiuliza kila kimoja kimewekwa kwa ajili ya tukio gani.

Ngazi hiyo ya kati ndiyo iliyoleta mzozo ambao nadhani kila mwandishi wa programu angefaidika kuujua. Watunzaji wa GNOME ndani ya Debian walikifanya kifurushi cha NetworkManager kuwa lazima kwa gnome-core, yaani kiini cha mazingira yao ya kazi. Hoja yao ilieleweka: anayefungua kompyuta anataka kubofya alama ya mtandao, achague Wi-Fi, aendelee na shughuli zake. Upande wa pili walikuwapo watu waliopanga mtandao wao kwa mkono, au waliotumia programu nyingine kama wicd, na GNOME yao ilifanya kazi. Wao waliona wanalazimishwa kupokea kitu kitakachogombea kazi na kile walichokichagua. Mwaka 2012 suala lilifika mbele ya Kamati ya Ufundi ya Debian, chombo kinachoamua pale watunzaji wanaposhindwa kuelewana, na kamati ikaamua kwamba NetworkManager itoke kwenye lazima iwe pendekezo.

Mimi nilikuwa mpenzi wa NetworkManager, na bado niliona kamati imeamua sawa. Watunzaji walijibu swali la kama kitu hicho ni kizuri. Swali lililokuwa mezani lilikuwa jingine: kikikosekana, je, kilichobaki kinakufa? Maswali hayo mawili hufanana sana ukiwa mwandishi, kwa sababu kila ulichokichagua unakipenda. Anayesakinisha huyaona kwa umbali mkubwa kati yake.

Baadaye nami nikahamia upande wa mwandishi. Niliandika kwa Python programu ndogo ya kupokea takwimu za mwezi za vituo vya afya, zile zinazotoka kwenye vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kuzikagua, kuzijumlisha na kutoa ripoti ya kupeleka wilayani. Wenzangu walikuwa na mawazo mengi. Mmoja alitaka itoe majedwali ya Excel, jambo linalohitaji maktaba ya openpyxl. Mwingine alitaka grafu, yaani matplotlib pamoja na kila inachokuja nacho. Wa tatu alitaka iandike moja kwa moja kwenye PostgreSQL kupitia psycopg2, na yeyote aliyewahi kusakinisha psycopg2 kutoka kwenye msimbo wake, kwenye mashine isiyo na vifaa vya kukompaili, anakumbuka kosa la pg_config kutoonekana. Yote matatu yalikuwa mazuri, na yote matatu yaliletwa kwangu yakiitwa lazima.

Nikaenda na toleo lenye kila kitu kwenye kituo kimoja cha afya, kumwonyesha mama aliyeshika takwimu pale. Nilimwamkia, nikaketi, nikafungua kompyuta na kumpitisha kwenye grafu za malaria na za kliniki ya wajawazito.

“Nzuri, mwanangu,” akasema. “Ila printa yetu haina wino tangu Krismasi, na wilayani wanataka namba tu. Hizi namba zinajumlishwa sawasawa?”

“Zinajumlishwa, mama.”

“Na umeme ukikatika nikiwa katikati ya kuandika, nilichoandika kinabaki?”

Hayo ndiyo yalikuwa mahitaji ya lazima, na hakuna hata moja kati ya maktaba tatu tulizogombania iliyoyagusa. Kujumlisha na kukagua ni kazi ya Python yenyewe. Kuhifadhi kila mstari mara tu unapoandikwa ni kazi ya SQLite, ambayo Python huja na moduli yake tayari. Kwa hiyo kiini cha programu kikabaki bila kutegemea chochote cha nje, kikaingia kwenye flashi ya kawaida na kusakinishwa mahali pasipo na mtandao. Excel, grafu na PostgreSQL vikawa mafungu ya hiari, ambayo Python inaruhusu mtu ayaombe kwa jina anaposakinisha. Ofisi ya wilaya ilichukua fungu la Excel na la PostgreSQL. Vituo vingi havikuchukua chochote.

Mfumo wa OpenMRS, ambao ulianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa Eldoret mwaka 2006 na kuenea katika nchi nyingi, una mpangilio uliosaidia fikra zangu hapa. Moduli yake inaweza kuwa na orodha mbili: ya moduli inazozihitaji, na ya zile ambazo inazitambua tu, kwamba zikiwepo itashirikiana nazo na zisipokuwepo itaendelea. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye hospitali inaamua kama kukosekana kwa moduli ya ripoti kutamzuia mganga kufungua faili la mgonjwa.

Ila nisiwadanganye wanaoanza: hiari ina gharama, na gharama yenyewe anaibeba mwandishi. Mafungu matatu ya hiari yanazaa hali 8 tofauti ambazo programu yako inaweza kujikuta ndani yake, na kila fungu unaloongeza linazidisha idadi hiyo mara mbili. Hakuna anayejaribu zote. Mimi nilishika kawaida ya kujaribu ile tupu kabisa, ile yenye vyote, na kila fungu likiwa peke yake. Ile tupu ndiyo muhimu, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu kompyuta ya mwandishi haijawahi kuwa tupu. Kila kitu kimeshawekwa humo kwa ajili ya kazi nyingine, kwa hiyo programu inayotegemea kitu kisichotajwa itamfanyia kazi yeye na kumwangusha kila mtu mwingine.

Gharama ya pili ni maneno. Kitu cha hiari kikikosekana, programu inapaswa kusema kinachokosekana ni nini, kinahitajika kwa kazi ipi, na kinapatikanaje. Maktaba ya pandas hufanya hivyo vizuri: ukiomba isome faili la Excel na openpyxl haipo, inakutajia jina la kilichokosekana na namna ya kukisakinisha. Sisi tuliandika ujumbe wetu kwa Kiswahili na kuongeza folda ya flashi yenye faili hizo, kwa kuwa kumwambia mtu apakue kutoka mtandaoni mahali pasipo na mtandao ni dhihaka.

Gharama ya tatu ni uaminifu, nayo ndiyo kubwa. Hiari mbaya kuliko zote ni ile inayobadilisha jibu kimyakimya. Mfano unaojulikana ni Beautiful Soup, maktaba ya kusoma kurasa za HTML. Usipoitajia kichanganuzi cha kutumia, inachagua yenyewe kilicho bora kati ya vilivyopo: lxml kama imesakinishwa, la sivyo kingine, mwisho kile kinachokuja na Python. Kwenye ukurasa ulioandikwa vibaya, vichanganuzi hivyo havikubaliani. Msimbo uleule unatoa matokeo fulani kwenye kompyuta yako na mengine kwenye seva, na hakuna kosa lililotajwa kwenye logi. Waandishi wake waliliona hilo, ndiyo maana toleo la nne hukuonya ukiacha kuchagua. Kwangu lilizaa kanuni: kitu kikiweza kubadilisha namba zinazotoka, si cha hiari tena. Ama kiwe lazima kwa wote, ama anayekitaka akitaje mwenyewe kwa jina.

Kati ya mijadala yote ya aina hii niliyoifuatilia, ule wa pandas na PyArrow, maktaba nyingine ya kushughulikia data, ndio uliokuwa wa wazi kuliko yote. Mwaka 2023 watunzaji wa pandas waliridhia pendekezo la kuifanya PyArrow kuwa ya lazima kuanzia toleo la 3.0. Sababu zao zilikuwa nzito. PyArrow hushughulikia maandishi kwa kasi na kwa kumbukumbu ndogo kuliko njia ya zamani, na kuwa na uhakika kwamba ipo kungewapunguzia watunzaji mzigo wa kuandika kila jambo mara mbili. Hawakuficha bei yake pia. Waraka wao wenyewe ulieleza kwamba numpy na pandas kwa pamoja huchukua takriban megabaiti 70, na kwamba PyArrow ingeongeza nyingine 120 hivi.

Toleo la 2.2.0, Januari 2024, liliwaonya watumiaji na kuwaomba maoni, na maoni yakaja kwa wingi. Wapo waliotumia pandas kwenye huduma za wingu zenye ukomo wa ukubwa, ambako nafasi iliyobaki haikutosha. Wapo waliokuwa kwenye mashine ambazo PyArrow haikuwa na faili tayari kwa ajili yake. Mimi nilifikiria vijana niliowafundisha, wanaonunua bando la siku na kuhesabu megabaiti kabla ya kuandika amri. Mwishowe watunzaji walibadili mwelekeo: aina mpya ya maandishi ikaja, ikitumia PyArrow ikiwepo na njia nyingine ikikosekana, na toleo la 3.0 likaiacha PyArrow kuwa hiari.

Ninachowaheshimu kwacho ni kuuliza kabla ya kufunga mlango, na kubeba wenyewe kazi ya kuandika njia mbili ili mamilioni ya wengine wasibebe kazi ya kupakua. Uamuzi wao ungeweza kwenda upande mwingine na bado ukawa wa haki, kama wangeona kwamba njia mbili zinatoa majibu yanayotofautiana. Kipimo kilikuwa nani anaumia na kwa kiasi gani, na walikipima kwa watu halisi.

Hadi hapo nimezungumzia megabaiti na kero. Mwaka 2024 tulioneshwa kwamba lazima isiyo na sababu ina hatari nyingine. Mwishoni mwa Machi, Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuatilia, akagundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri uliowekwa na mtu aliyejijengea imani ndani ya mradi huo kwa muda mrefu.

Kilichonishangaza ni njia yenyewe. OpenSSH, programu inayotoa huduma hiyo ya SSH, haitumii maktaba ya xz. Ila Debian, Fedora na wengine walikuwa wameiongezea OpenSSH kipande kidogo cha kuiarifu systemd, programu inayosimamia huduma za seva, kwamba imeshawaka, kwa kutumia maktaba ya libsystemd. Libsystemd nayo, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, iliunganishwa na liblzma, ambayo ni ya xz. Hivyo lango kuu la seva likapakia, kila linapowaka, msimbo ambao halikuuomba wala halikuutumia. Kuarifu kwenyewe ni kutuma maandishi mafupi kwenye soketi, na OpenSSH 9.8, iliyotoka Julai mwaka huohuo, ilijiandikia kazi hiyo bila libsystemd. Watu wa systemd nao walikuwa tayari wameanza kubadilisha maktaba yao ili liblzma ipakiwe pale tu inapohitajika. Kila lazima uliyoiandika inakuja na lazima za wengine nyuma yake, na mshambuliaji huisoma orodha hiyo kwa makini kuliko wewe.

Siku hizi ninafundisha vijana wanaoandika programu kwa ajili ya hospitali na mashule, na kila ninapowakagulia kazi naanza na lile faili la pembeni. Nawauliza mambo matatu. Kitu hiki kikikosekana, kazi ya msingi inakufa au inapungua uzuri tu? Kikiwa hiari na hakipo, programu itasema, au itatoa jibu tofauti kimya? Na nani atalipia uwepo wake, kwa bando, kwa nafasi ya diski au kwa usalama? Swali la kwanza likijibiwa kwamba inakufa, kiwe lazima bila kuoneana haya, kwa sababu kumwachia mtumiaji atafute mwenyewe kiungo cha msingi ni kumtupia kazi yako. La pili likifichua kimya, kirudi kwenye lazima au kiondolewe kabisa.

Halafu nawataka waandike sababu kando ya kila mstari wa lazima, sentensi moja, na sentensi hiyo imtaje anayetumia programu, si anayeiandika. “Bila hii, mama wa takwimu atapoteza alichoandika umeme ukikatika” inapita. “Nimeizoea” haipiti, na “kila mtu anaitumia” haipiti. Orodha za lazima hupungua sana wakati wa kuandika sentensi hizo, na kwa kawaida ni wao wenyewe wanaozifuta kabla sijafika mezani kwao.